Tairi la Lami, Tairi la Mbuga

 

Leo tuzungumze matairi. Siku ukipata nafasi simama pale Igoma, hapa Mwanza, barabara ya Musoma inapobanwa na soko, bodaboda na Hiace zinazogombania abiria, uache kutazama magari yenyewe utazame yanachokanyagia. Itapita Prado safi iliyovalishwa matairi ya matope, kashata nene, mianya ya kuingia vidole viwili, na mwenyewe anakwenda ofisini Capri Point, lami mwanzo hadi mwisho. Nyuma yake inakuja Probox yenye magunia ya mpunga hadi dirishani, imetokea njia za ndani huko, matairi yake vipara. Yule wa mbele amejiandaa kwa safari asiyokwenda. Wa nyuma kila wiki anakwenda safari ambayo hajajiandaa nayo. Kati ya hao wawili ndipo tulipo wengi wetu, na ombi tunalopeleka dukani ni moja: nipe tairi litakalonifaa mjini, na hilo hilo linitoe shambani.

Tairi la namna hiyo lipo. Ila kabla ya kulitaja kuna hesabu ambayo muuzaji hatakufanyia, kwa sababu hajui unakoishi wala unakolima. Chukua karatasi uandike wiki yako. Anayekaa huku juu kuelekea Kishiri na kufanya kazi mjini, asubuhi anakula kilomita kumi hivi za lami, jioni kumi nyingine, na ile njia ya mawe ya kupandia nyumbani haimalizi hata kilomita mbili. Mwaka ukiisha, karibu sehemu tisa kwa kumi za mwendo wake zimekuwa lami. Mwenye majaruba ya mpunga huko ndani ya Magu ana hesabu nyingine: lami karibu kilomita hamsini, kisha anaiacha, anaingia kwenye udongo, na kuanzia mwezi wa kumi na moja udongo huo haumfahamu mtu. Mwenye duara la dhahabu upande wa Geita ana yake pia. Ndiyo maana tairi alilokusifia shemeji yako Jumapili kwenye nyama choma huenda ni zuri kweli, lakini kwake.

Mimi naona tabia yetu ya kudhani tairi gumu ndilo tairi la maana tumeirithi kutoka barabara za zamani. Madereva wa umri wangu wanazikumbuka Land Cruiser za serikali na za misheni, na tairi lao la 7.50-16: jembamba, refu, tyubu ndani, rimu ya vipande unayoifungua porini kwa vyuma na nyundo bila kutafuta mashine. Kile kistari katikati ya namba kina maana yake. Kinakwambia nyuzi za ndani zimepishana kwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, mpaka ubavuni. Tairi hilo ni gumu, jiwe haliuchani ubavu wake upesi, lakini ukilikimbiza linapata joto, na kwenye lami unashika usukani muda wote kulirudisha njiani. Palipoandikwa R, mfano 7.50R16, nyuzi zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya kashata pamepita mikanda ya waya. Michelin wa Ufaransa ndio waliolileta sokoni miaka ya 1940 mwishoni, na leo karibu kila gari dogo linalopita Igoma linatembelea R.

Enzi hizo hata kiwanda tulikuwa nacho. General Tyre ya Arusha ilitengeneza matairi hapa hapa nchini, na mashamba ya mpira yalikuwepo Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Morogoro. Kiwanda kikasimama mwaka 2009. Nairobi nako, kile kilichoanza kama Firestone na baadaye kikawa kinatoa matairi ya Yana, kiliacha kuzalisha mwaka 2016. Kwa hiyo tairi jipya unalolikuta dukani leo limesafiri kutoka China, India, Thailand au Japani, na aliyelibuni alikuwa anafikiria barabara za kwake. Kulilinganisha na njia ya Kwimba ni kazi iliyobaki mikononi mwetu.

Na barabara zenyewe hazikusubiri. Kutoka hapa Igoma unakwenda Musoma hadi mpakani Sirari bila kuacha lami. Unakwenda Shinyanga, lami. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kilomita tatu juu ya maji, unakwenda Sengerema na Geita hata kivuko hukisubiri. Watu waliokuwa wakisafiri na majembe na minyororo kwenye buti sasa wanakimbia kilomita mia kwa saa, na mwendo huo tairi la matope halikutengenezewa.

Tuliseme hilo tairi la matope vizuri, maana watu wanalipenda kwa sura. Ubavuni limeandikwa M/T. Kashata zake ni vipande vikubwa vilivyoachana, ili likizunguka kwa nguvu liuteme udongo na kushika upya. Ndiyo kazi yake, na inaifanya. Lakini kuachana huko kuna maana kwamba mpira unaogusa barabara ni mchache. Kwenye lami kavu litakupigia kelele mpaka redio hii usiisikie. Litakula mafuta zaidi. Kwenye lami yenye maji, ukishika breki, gari litakwenda mbele kuliko ulivyotarajia, na hapa simaanishi porini, namaanisha kwenye taa za Buzuruga, mbele yako kuna watoto wa shule. Mvua za kwanza za Oktoba ndizo mbaya zaidi: miezi ya kiangazi imelaza vumbi na mafuta ya magari juu ya lami, manyunyu yanakuja yanavichanganya, na barabara inateleza hata kwa mwenye tairi jipya. Hapo linalosaidia ni tairi lenye mifereji mirefu inayozunguka, ya kusukuma maji pembeni, na mpira laini wa kutosha kuikamata lami. Hilo limeandikwa H/T, la barabara kuu, na wengi hulipita dukani kwa dharau kwa sababu halina sura ya kibabe.

Sasa, Mwanza si Dodoma wala Dar es Salaam. Huku adui wa kwanza wa tairi ni jiwe. Mji huu umejengwa juu ya miamba, na njia za kupanda mitaa ya mlimani ni mawe ya granite yaliyovunjika yakabaki na makali. Hili jiwe haliui tairi kwa juu, kwenye kashata. Linaliua ubavuni, pale unapoikwepa bajaji na kupitisha gurudumu la kushoto kwenye ukingo wa mwamba. Ubavu ukichanika fundi wa pancha hana la kukusaidia. Anaweza kuusukumia kamba ya mpira, anaweza kubandika kiraka kwa ndani, lakini sehemu ile inakunjwa na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, na kiraka kitaachia siku umejaza watu. Fundi mwaminifu atakwambia tupa. Wapo wa namna hiyo Igoma, nawapa heshima yao.

Kwa mkazi wa mlimani, basi, ubavu ndio wa kuuliza dukani. Usiulize tu kashata zina kina gani. Uliza ubavu una matabaka mangapi. Mara nyingi pameandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya tairi lenyewe, idadi ya tabaka za ubavuni na za juu. Na kama una uchaguzi wa rimu, chagua ndogo yenye ubavu mrefu, ukiachana na rimu kubwa inayong'aa yenye utepe mwembamba wa mpira. Utepe ule ukikutana na mwamba, rimu nayo inapinda, na utalipia vyote viwili.

Adui wa pili ni mbuga. Wakulima wanaijua kuliko mimi: ule udongo mweusi wa bondeni, unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa ukikauka, huo huo unaoyashika maji ya majaruba mpunga ukakua. Sifa inayomfaa mkulima wa mpunga ndiyo inayomtesa dereva. Maji hayapiti, yanabaki juu na kuutengeneza utelezi. Chini ya utelezi kuna uzito unaonata. Tairi la H/T likizunguka mara tatu mifereji yake yote imejaa, linageuka mwiko uliogandiwa na ugali, na baada ya hapo ukikanyaga mafuta unachimba kaburi la gari lako. La M/T linakwenda mbali zaidi kabla ya kufika hapo. Lakini nalo linafika. Hakuna tairi la kuivuka mbuga iliyoshiba maji, na wenye jozi ya maksai wanaokaa kando ya njia hizo wanalijua hilo, maana ndio wanaoitwa kuvuta, na bei wanapanga wao.

Kuna jambo la kihistoria napenda kuwakumbusha wanaoamini sana ukubwa wa tairi. Yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwahi kukutana na miaka miwili ya mvua isiyosahaulika, 1963 na 1968. Kila mara yalianza magari zaidi ya themanini. Kila mara yakamaliza saba. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, saluni ya kawaida, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, matairi membamba.  Tairi jembamba lina siri yake kwenye tope: linakata, linazama kutafuta udongo mgumu ulio chini, wakati pana linaelea juu ya utelezi na kuhama kushoto na kulia. Ndiyo sababu madereva wa watalii wanaoingilia geti la Ndabaka, upande huu wa magharibi ya Serengeti wenye udongo mweusi, bado wengi wanaheshimu Land Cruiser mkonga yenye tairi jembamba na refu.

Kwenye mchanga mambo yanageuka. Njia zetu za luseni, ule udongo wa kichanga, na zile za kando ya ziwa unapokwenda kupakia dagaa, zinataka tairi lisambae. Hapo tairi pana linashinda jembamba. Lakini kabla hujanunua tairi pana, kuna dawa isiyo na gharama: punguza upepo. Gari linalotembea na paundi 35 lishushe mpaka 20 hivi, tairi litajilaza, mguso wake utarefuka, na gari litatoka mahali ulipodhani pamekwisha. Watu wengi wanachimba, wanasukuma, wanatukanana, na dawa iko kwenye kile kifuniko kidogo cha kujazia upepo. Masharti ni kwamba unakwenda taratibu, hukati kona kwa ghafla tairi lisije likavuka rimu, na ukirudi kwenye lami unajaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia kwenye lami linajikunja kupita kiasi, linapata joto ndani ambalo wewe hulioni, nyuzi zinaachana na mpira, na linapasuka baadaye, pengine siku nyingine kabisa, ukalilaumu bure. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti si anasa kwa mtu wa shamba. Afadhali pampu hiyo na H/T nzuri kuliko M/T na mikono mitupu.

Hata kwenye moramu yenye rasta, ile inayokung'olea skrubu za dashibodi, upungufu kidogo wa upepo unasaidia, na tairi lililojazwa hadi likawa gumu linatobolewa na jiwe kirahisi kuliko linaloweza kubonyea. Namba ya kuanzia imeandikwa kwenye mlango wa dereva, ukiufungua, kwenye nguzo. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi ni kikomo chake, na kuna vijana wa pampu wanaojaza hadi kikomo wakidhani wanakufanyia hisani. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Madereva wa safari ndefu wana kipimo chao: baada ya saa moja ya mwendo simama upime tena, kwa gari dogo, upepo ukiwa umepanda zaidi ya paundi nne ulikuwa umeanza na mdogo, tairi linajichemsha.

Tumefika kwenye lile tairi la kati. Limeandikwa A/T. Kashata zake zimeachana kidogo, si kama za M/T, na mabega yake yana meno. Kwenye lami linakaa vizuri, breki zake kwenye maji zinaizidi M/T ingawa haziifikii H/T iliyo nzuri, na kwenye moramu, mawe na tope la kawaida linakutoa. Kwa mwenye Prado, Hilux, RAV4 au Land Cruiser ambaye karatasi yake imeonyesha kila wiki anaacha lami kwa kilomita za kutosha, hilo ndilo jibu langu, na sina haja ya kuzunguka. Kwa anayeacha lami kilomita mbili tu kupandia nyumbani, jibu langu ni H/T yenye ubavu imara. M/T namwachia anayelala shambani wakati wa masika, mwenye gari la pili la kuendea mjini.

Zingatia tu kwamba A/T zimekuwa fasheni. Yako matairi yameandikwa A/T kwa herufi nyeupe kubwa, na ukiyapapasa ni ya lami yaliyochongwa meno pembeni. Herufi haziendeshi gari. Pitisha mkono, angalia mianya imekwenda chini kiasi gani, angalia kama meno yale yanateremka ubavuni au yameishia kwenye urembo.

Mkiwa mmeshika kalamu, tusome namba. 265/65R17: upana milimita 265, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172 hivi, rimu ni inchi 17. Watu wanapenda kupandisha iwe 265/70R17 ili gari liinuke. Litainuka milimita 13 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko la kipenyo inabaki juu ya ekseli. Lakini mshale wa mwendo utakuwa unakudanganya kwa zaidi ya asilimia 3, ukiona 80 wewe unakwenda karibu 83, na askari mwenye tochi hana habari na hesabu za tairi lako. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama halisugui bodi, kabla ya kulipa, si baada.

Baada ya kipimo inafuata namba ya uzito, na hapa naongea na wenye Hiace na Probox. Namba 91, iliyozoeleka kwenye matairi ya magari madogo, ni kilo 615 kwa tairi moja. Tairi la Hiace la 195R15C lenye 106 linabeba kilo 950. Ile herufi C ni ya gari la mizigo; ubavu wake umejengwa tofauti na unapokea upepo mkubwa zaidi. Probox nyingi za mizigo nazo zilitoka kiwandani na matairi ya namna hiyo. Mtu anakuja hapa, yanaisha, anaweka ya taksi kwa sababu rimu imekubali na bei imeshuka, halafu anapakia magunia kumi na mbili. Kupasuka kwa tairi hilo kwenye mteremko wa kuingia Kisesa hakutakuwa bahati mbaya.

Herufi inayofuata namba ya uzito ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S 180, H 210. Hakuna anayekimbia 210 hapa, lakini tairi lililopimwa kwa mwendo mkubwa linavumilia joto zaidi.

Na mwisho wa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Hizi ndizo za kwanza mimi kuzitazama. Mpira unazeeka hata usipotembea, na unazeeka upesi ukiwekwa mbele ya duka, juani, ukiwa umepangwa ghorofa kuvutia wateja. Watengenezaji wakubwa kama Michelin na Continental wanasema likifika miaka kumi tangu litengenezwe litolewe hata kama kashata zimejaa. Mimi kwa jua letu na mizigo yetu, baada ya miaka sita ninalikagua kwa mashaka, natafuta nyufa ndogo kwenye mabonde ya kashata.

Tarakimu hizo zina kazi kubwa zaidi kwa gari lililoshushwa juzi kutoka Japani. Gari limepigwa polishi, injini imeoshwa, na matairi yana kashata nzuri, nyingi, zenye michirizi membamba ya kama wembe. Mwenye gari anafurahi: sitanunua matairi mwaka huu. Soma ubavuni. Ukikuta Blizzak, au iceGUARD, au Winter Maxx, hayo ni matairi ya theluji. Wajapani wa mikoa ya baridi huyafunga kipindi cha baridi, na gari likiuzwa kipindi hicho linaondoka nayo. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Mwanza saa nane mchana unalainika kupita kiasi, gari linayumba kwenye kona, breki zinarefuka, kashata zinaliwa upesi, na kwenye mawe yetu yanakatika. Watu wanayaona yana meno mengi wanayapeleka shambani wakidhani ni ya tope. Theluji na mbuga havina undugu. Nimeona magari mengi mno Igoma yanatembelea haya, na wenyewe wanalalamikia shokapu.

Bodaboda nisiwasahau, maana ninyi ndio mnaoacha lami mara nyingi kuliko Land Cruiser zote za mkoa. Tairi la pikipiki lenye vipande virefu vilivyoachana linakutoa kwenye tope, lakini kwenye kona ya lami ukilaza pikipiki vile vipande vinapinda, unahisi kama gurudumu linatoroka. Anayebeba abiria kati ya Igoma na Kisesa achukue lenye kashata za wastani nyuma, na mbele lenye mifereji ya kukata maji. La mbele ndilo linalokuzuia usianguke. Cha ajabu ndilo linaloachwa mpaka liwe kipara, kwa hoja kwamba halisukumi.

Kuhusu idadi: nunua manne, na yafanane. Gari linalosukuma magurudumu yote manne wakati wote halivumilii mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, kwa kuwa kipenyo kinatofautiana, gia za kugawa nguvu zinashindana zenyewe kwa zenyewe kwenye lami kavu, na matengenezo yake utauza ng'ombe. Kama mfuko unaruhusu mawili tu, na gari ni la kawaida, mapya yafungwe nyuma. Najua mafundi wengi watabisha, wanataka mbele. Lakini la mbele likiteleza kwenye maji unalihisi mkononi na kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza gari linageuka kabla hujajua. Spea iwe ya kipimo kile kile, ipimwe upepo kila unapopima mengine, na jeki ijaribiwe nyumbani. Ukienda mbugani beba na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki ndiyo itakayoshuka na gari litabaki pale pale.

Limebaki suala la yale manne ya zamani. Ukiyaacha dukani, kesho yatapakwa rangi nyeusi, yatang'aa, na kuuzwa kwa kijana wa Hiace kama mtumba safi. Mwambie fundi ayachane ubavu mbele yako, kisu kirefu, mara mbili kila moja. Kisha wapelekee wanaochonga katambuga, watayapokea kwa furaha. Tairi lililokwisha kabisa linatoa soli nzuri kuliko jipya, kashata zikiwa fupi kiatu hakiwi kizito. Katambuga za M/T, sijui nani atazivaa.